Ufito Niliopimia Tairi

Wako watakaosema mzee huyu alilala na njaa akaota. Nilikuwa nimeshiba muhogo na chai ya maziwa, nilikuwa macho, na jua lilikuwa utosini. Asiyeamini aje Jomvu Kuu anitazame nilivyo, kisha aseme tena.

Kuandika si kazi yangu. Shule niliiacha darasa la pili, na hata hilo la pili nililikaa karibu na dirisha. Basi nikipotea njia nivumilieni, nitarudi.

Nina pikapu kuukuu. Haisukumi kwa magurudumu yote manne, husukuma ya nyuma tu. Gari kama hilo ni la mtu anayekaa penye lami. Mimi nakaa mwisho wa njia, chini huko kwenye mikoko, na mvua ikinyesha njia yetu huwa uji. Miaka mingi sikujali. Mvua ikinyesha, nilikaa ndani nikala mbaazi.

Lakini mke wangu, Bi Mishi, ana sukari, na mguu wake wa kushoto ukatoka kidonda. Daktari akataka kisafishwe hospitali, kule upande wa Port Reitz, asikose hata mara moja, maana akikosa mguu utakatwa. Alilisema hilo mbele yake. Nikamwona Bi Mishi akiuvuta ule mguu chini ya buibui, kama mtu anayeficha kitu kisiibiwe. Pikipiki hapandi, alishaanguka nayo. Kubebwa hataki, asema yeye si gunia. Ikabaki pikapu, na masika yalikuwa yamefika.

Shemeji yangu akanipeleka kwa fundi wake Mishomoroni. Fundi akasema gari liinuliwe. Akatia vyuma kwenye springi, mbele na nyuma, gari likawa refu kama twiga, Bi Mishi akawa hapandi bila kigoda. Nikafurahi. Mvua ya kwanza likakwama palepale linapokwama siku zote. Tofauti ni kwamba sasa watu waliliona kutoka mbali. Siku hiyo kidonda hakikusafishwa.

Nikaenda kwa Kalama, kijana wa Kaloleni mwenye banda lake Changamwe. Huyo ana mdomo, lakini ni fundi. Akalala chini ya gari, akacheka hukohuko chini.

"Mzee wangu, wewe umekunja kanzu tu. Miguu ingali topeni."

"Sema maneno ya kueleweka, Kalama."

"Umeinua bodi. Ekseli, mhimili wa magurudumu, iko palepale ilipokuwa. Na kinachokwama ni hiyo ekseli. Ukitaka ipande, tia tairi kubwa."

Kwa nini fundi wa kwanza hakuniambia hivyo? Nilimuuliza shemeji, akasema nisimharibie urafiki.

Kuzitafuta hizo tairi nilizunguka mpaka soli za viatu zikaisha. Hizi kubwa lakini rimu si zake, zile rimu zake lakini zimepasuka ubavuni. Nilipozipata, Kalama akazifunga, gari likanguruma likatoka. Kwenda mbele, shwari. Kukata kona, krrr, tairi za mbele zinasaga bodi. Ukikata zaidi, usukani haugeuki kabisa. Nikaupiga usukani ule kwa ngumi mpaka mkono ukavimba.

"Usiupige, hauna kosa," Kalama akasema. "Nitakata bodi kidogo pale panapogusa. Lakini gari tupu halisemi kweli. Lipakie mzigo wako, lipitishe njia yako, likisaga simama upime nafasi iliyobaki. Niletee kipimo."

Nikapakia mitungi ya maji, nikateremka njia ya kwetu. Pale penye makaburi ya zamani kuna kona. Nikaikata, tairi likasaga, likashika. Nikateremka nikiwa nimejaa hasira hata sikuwatolea salamu waliolala pale, na sisi tumefundishwa tangu utoto, ukipita makaburini toa salamu. Mimi nilikuwa nalitukana tairi.

Cha kupimia sina. Nikaangaza huku na huku, nikaona ufito umeegemea ua wa makaburi. Umenyooka, umemenywa gome. Kwetu fito ziko kila mahali, ndizo tunazojengea kuta kabla ya kukandika udongo. Nikajua mtu amesaza wake. Nikauchukua, nikausimamisha kando ya tairi nipime mpaka kwenye bodi, haukuenea, ulikuwa mrefu mno. Nikatoa kisu nikaukata ncha, kiasi cha shibiri moja. Nikaanza kupima.

"Waaleikumu salaam."

Nikageuka. Mtu wa makamo, kanzu nyeupe, amesimama upande wa pili wa gari. Hebu nifikirieni. Mimi sikutoa salamu. Yeye kaitikia. Aliitikia salamu gani?

Nitawaambia alivyokuwa, wala siongezi. Kwato hakuwa nazo, nilitazama. Kivuli sikukiona, lakini jua la utosini nani ana kivuli? Alikuwa mtu safi, ila upande wa kuume. Shavu la kuume lilikuwa na udongo, bega la kuume lina udongo, kanzu ile upande wa kuume mpaka chini ina udongo. Wa kushoto hauna hata chembe.

"Unapima nini, mzee?" Sauti yake ya upole kabisa.

"Tairi hili, mwanangu. Limenitesa."

"Kwa kipimo changu?"

Akanyosha mkono, nikampa ule ufito. Akausimamisha kando yake, kisigino chake na mwisho wa ufito sawasawa. Ncha ikakomea kidevuni pake. Kutoka hapo hadi utosini palibaki shibiri moja.

Hapo ndipo nilipoujua ufito ule ni wa nini. Maana kwetu mtu akifa, anayekwenda kuchimba kaburi hukata ufito akampima nao maiti, urefu wake, ili mwanandani, ule mtaro wa ndani anamolazwa, umtoshe. Akishalazwa, ufito haurudi nyumbani. Huachwa makaburini. Hakuna aujengeaye, hakuna aukokeaye moto. Na sisi maiti tunamlaza kwa ubavu wa kuume.

"Umenipunguza," akasema, akanirudishia ufito.

"Nisamehe, ndugu yangu. Wallahi sikujua."

"Kujua kwako hakunirefushi."

Nikaokota ile ncha niliyoikata, nikataka kuiunga na ufito kwa mikono, kama mtoto aliyevunja kikombe. Haikushika, ikaanguka. Ulimi ukanitoka, nikaanza kumweleza mambo ya nyumbani, unajua mtu akiogopa husema hovyo. Nikamwambia mke wangu ana kidonda, mguu utakatwa, njia mbovu, fundi wa kwanza kanidanganya, tairi zinasaga, na mimi ninachotaka ni gari lipite hapa tu, basi.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mguu wake ukikatwa, utaungwa?"

"Hauungwi."

"Ehe," akasema.

Akainama akaweka kiganja juu ya tairi, kama mtu anayepapasa ng'ombe. "Nenda. Mimi nawe tutalingana."

Mimi masikini nikasikia vizuri. Nikadhani ni kama kusema tutaelewana, mambo yamekwisha, nimesamehewa. Nikasema inshallah. Sikumtazama anakwenda wapi. Ungekuwa wewe ungemtazama? Nikauegemeza ufito uani na ncha yake kando, nikatoa salamu zangu nilizokuwa nimezisahau, nikapanda gari, nikakata kona.

Halikusaga.

Nikakata kulia, nikakata kushoto, kimya. Nikapita kwenye tope letu, mitungi nyuma inagongana, likapita kama liko barabarani. Nikamwambia Bi Mishi jiandae, kesho tunakwenda. Yule mtu sikumtaja.

Asubuhi nikavaa kanzu. Bi Mishi akanitazama kutoka kitandani akacheka.

"Baba Athmani, hiyo kanzu ya nani?"

"Yangu."

"Mbona unafagilia?"

Kweli, ilikuwa inaburura chini. Nikavaa nyingine, nayo vilevile. Tukaenda garini, nikakaa, nikanyosha mguu kutafuta klachi. Haupo. Yaani klachi ipo, mguu haufiki. Nikasogeza kiti mpaka mwisho, mguu unaelea. Bi Mishi akaacha kucheka.

Nikamwita Kalama kwa simu, akaja na pikipiki. Akatazama tairi kwanza, akaingiza kiganja juu yake.

"Nani kakata bodi?"

"Hakuna aliyekata."

"Hapa pana shibiri nzima ya nafasi, mzee wangu. Jana hapakupita kidole." Kisha akanitazama mimi, juu mpaka chini. Akafunga vipande vya mbao kwenye klachi na breki ili miguu ifike, akanipa mto wa kukalia. Yeye ni Mkristo, lakini nilimsikia akisoma dua ya kwao huku akipiga misumari.

Nikampeleka mke wangu. Mvua yote iliyobaki hatukukosa siku hata moja, na kidonda kikafunga. Mguu anao, anatembelea mpaka kwa jirani kusengenya. Nilipomuuliza daktari habari yangu mimi, akasema wazee hupungua. Nikamuuliza, kwa usiku mmoja? Akasema mzee, unahitaji kupumzika.

Maalim wetu alinisikiliza, akasoma, akanitemea maji ya dua. Nimebaki hivihivi. Kanzu zote nimepeleka kwa fundi cherehani. Msikitini nikisimama safuni, naangalia mabega ya watu niliokuwa nikiangalia vichwa vyao. Wajukuu wamenipa jina ambalo silisemi. Wengine walionisikia husema, basi umepata, mguu wa mkeo kwa shibiri yako, hiyo si hasara. Labda. Lakini mtu huulizwa. Mimi ningekubali, wallahi ningekubali hata shibiri mbili, ila sikuulizwa, na hilo ndilo linaniuma mpaka leo.

Basi wewe usomaye, ukitaka kupima kitu chako, pima kwa mkono wako. Ukiona ufito umenyooka uani mwa makaburi, toa salamu upite. Na mtu usiyemjua akikwambia mtalingana, muulize kwanza, kulingana vipi. Wanangu nimeshawaambia: siku yangu ikifika, watakaponipima, wasichukue urefu walioukuta. Wazidishe shibiri moja. Nataka nilazwe nilivyokuwa.