Karatasi za Kibanja Ndani ya Oveni

Mama alifika kwangu Bugene siku ya Ijumaa, akitokea Kamuli, akiwa na karatasi za kibanja, shamba letu la migomba, alizozifunga kwenye kitenge. Jumatatu alitakiwa mbele ya baraza kwa kesi ya mpaka na jirani yake. Baba alishafariki, na mashahidi wa mauziano nao pia. Kilichobaki ni alama za vidole vyao kwenye zile karatasi.

Asubuhi iliyofuata niliamua kusafisha oveni ninayookea keki za sherehe. Niliinunua ikiwa imetumika, na kitufe chake cha kujisafisha sikuwahi kukigusa. Maelekezo yalisema nitoe trei zote kwanza. Nilikuwa na haraka, sikutoa hata moja. Nikabonyeza. Kikasikika kitu kikijivuta juu ya mlango, kisha tak!

Mama akatokea mlangoni akiwa na kikombe cha chai.

"Umeiwasha?"

"Inajisafisha yenyewe, Mama. Inachoma mafuta mpaka yawe majivu."

Kikombe kikamtoka mkononi. "Karatasi zangu zimo humo! Chini ya trei. Chumbani kuna panya."

Nilivuta mlango kwa mikono miwili, haukutikisika. Nikakimbilia swichi kubwa ukutani nikazima umeme wa nyumba nzima. Taa ya oveni ikazimika, lakini mlango ukabaki umefungwa, na kijiharufu cha kitambaa kinachoungua kikaanza kutoka. Mama alikuwa ameshachukua panga.

"Vunja kioo!"

"Mama, subiri kidogo."

Nilimpigia fundi wa Kayanga, mzee anayetengeneza mafriji na majiko. Nikamwamkia, nikamweleza yote.

"Marahaba. Usivunje," alisema. "Kule ndani hewa ni chache. Ukiipa hewa ya ghafla, kinachofuka kitawaka moto. Hilo komeo linasukumwa na mota ndogo, na kuna kifaa kinachopima joto, hakiruhusu lifunguke oveni ikiwa ya moto. Umezima umeme, basi mota haina nguvu ya kulirudisha. Acha ipoe kabisa, ndipo uwashe."

"Muda gani?"

"Mpaka uweze kuushika mlango kwa kiganja."

Nilimnyang'anya mama panga, kitu ambacho sikuwahi kukifanya maishani. Hakuniangalia. Aliketi kwenye kigoda akaanza kusali Kinyambo kwa sauti ya chini, akiwataja wale mashahidi mmoja mmoja. Mimi niligusa kioo, nikangoja, nikagusa tena. Nililia kwa hasira, kwa sababu kosa lilikuwa langu na panya wangu.

Karibu na adhuhuri kioo kilikuwa cha uvuguvugu. Nikawasha umeme. Kimya. Nikageuza kidhibiti cha oveni hadi sifuri, na mota ikaguna, ikajivuta polepole. Tak.

Kitenge kilikuwa cheusi upande wa chini na kilimegukia mikononi mwa mama. Karatasi zilikuwa za kahawia, kingo zimekauka kama majani ya mgomba, mojawapo imepoteza kona. Alizipeleka kwenye mwanga wa dirisha.

"Soma," akaniambia.

Nikasoma majina yote. Alama za vidole zilikuwepo, zote nne.

Barazani mwenyekiti alizinusa kabla ya kuzisoma. "Mama, hizi zimepita wapi?"

"Kwa binti yangu," akajibu, na watu wakacheka. Mpaka ulibaki pale alipouacha baba. Njia nzima ya kurudi mama hakunisemesha, ila tulipofika kwake alinikatia mkungu wa ndizi, akaubeba mwenyewe mpaka barabarani.