Siku Niliyowasha Rimoti Nyuma ya Pikapu

Acha nijicheke mwenyewe kwanza ndipo nanyi mcheke, maana hii habari nikimwachia Muinde aisimulie ataongeza chumvi mpaka ionekane niliua mtu. Sikuua mtu. Niliangusha ndege tu, tena ndege ya mwenzangu, mbele ya wageni tuliowaalika sisi wenyewe, na muda mfupi baada ya kuwahutubia juu ya usalama. Hata leo nikikumbuka, masikio yanapata moto.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nami nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha nguo kule EPZ, lile eneo la viwanda la Athi River. Wiki nzima ni kelele za cherehani na vumbi la vitambaa, halafu Jumamosi mchana wengine wakienda kwa mpira na wengine kwa pombe, sisi watu watano tulikuwa na wazimu wetu wa ndege ndogo za mfano. Hizi si za kuchezea watoto (hapo mke wangu hajakubaliana nami mpaka leo), ni ndege zenye injini ya kunywa mafuta, mabawa ya mbao nyepesi tuliyoyavisha nailoni, vyuma vya ndani tumechonga kwa spoku za baiskeli, nawe unaiendesha ukiwa umesimama chini na rimoti mkononi. Mwenyekiti wetu alikuwa Muinde, fundi wa stima, Mkamba wa pale pale, mtu mpole kabisa isipokuwa ukigusa ndege yake. Mimi mtu wa Bungoma walinifanya katibu kwa sababu napenda kuongea.

Uwanja wetu ulikuwa malisho ya Mwalimu Syombua, mama mstaafu aliyeishi nje kidogo ya Kyumbi na aliyemfundisha Muinde kusoma. Alituachia tu, bila masharti. Pale hakukuwa na nyaya za stima wala nyumba karibu, na nyasi zilikuwa fupi safi kwa sababu ng'ombe wake walizinyoa kila siku. Halafu tukasikia kuna mtu wa kuchimba changarawe anautaka. Muinde akaenda kuuliza, akarudi uso umeanguka, akasema Mwalimu hajaamua, ila atakuja Jumamosi na wazee wawili wa kanisa lake waone tunachofanya, na wakiona ndege zetu zinasumbua ng'ombe, basi maneno yameisha. Tulikuwa tumetafuta uwanja mwingine siku nyingi bila kupata. Tukipoteza ule, klabu imekufa, na kila mmoja wetu alijua hivyo ingawa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema.

Basi siku hiyo tulijipanga. Tuliazima viti vya plastiki, tukaleta meza, kitambaa cheupe, soda na mandazi. Ndege moja tu ndiyo ingepaa, ya Muinde, kwa sababu yeye mkono wake haukutetemeka. Kazi yangu ilikuwa kukaribisha wageni na kuwaeleza sheria zetu, nami nilikuwa nimevaa viatu vya ofisini na tai (msiniulize, niliona katibu ni lazima awe na tai).

Sheria yetu kubwa ilikuwa ya pegi. Rimoti za wakati huo zilikuwa na namba, na mbili za namba ile ile zikiwashwa pamoja, ndege huchanganyikiwa, haijui itii ipi. Kwa hivyo tulikuwa na ubao uliobanwa pegi za kuanikia nguo, kila namba na pegi yake. Ukitaka kuwasha, unachukua pegi ya namba yako na kuibana kwenye kofia. Ukiikosa ubaoni, ujue iko kwa mwenzako, na huwashi hata kwa dawa. Anayevunja sheria hiyo anabanwa pegi sikioni mpaka tufunge kazi. Mimi na Muinde tulikuwa na namba ile ile.

Niliyaeleza hayo yote kwa ufasaha sana. Nilisimama mbele ya Mwalimu na wale wazee nikasema, "Wageni wetu, hii ndege ni kama ng'ombe wa Mwalimu, inamsikia mwenyewe peke yake. Hapa kwetu hakuna mtu anaweza washa rimoti bila pegi. Hakuna!" Wakapiga makofi. Mwalimu akarekebisha kofia yake ya kanisani akasema, "Huyu anaongea vizuri." Hilo neno ndilo lililonimaliza.

Kwa sababu nilianza kuwaza. Muinde alirusha ndege yake, ikapanda polepole, ikazunguka kwa heshima zake, ng'ombe hata hawakuinua vichwa, wazee wakaangaliana wakatabasamu, nami nikajiambia, mambo yakienda hivi watataka kuona ya pili, na ya pili itakuwa yangu. Ndege yangu ilikuwa nyuma ya pikapu ya Muinde. Nikateleza huko taratibu kuangalia kama mkia wake unacheza vizuri. Najua, najua. Pegi ilikuwa kwenye kofia ya Muinde. Lakini nilijiambia ni kidogo tu, tena antena sijaivuta nje, itafika wapi?

Nikawasha. Nikasukuma kijiti kushoto, mkia ukaenda kushoto. Kulia, ukaenda kulia. Nikafurahi! Kule upande wa pili nikasikia injini ya Muinde ikinguruma kwa nguvu, halafu ikilia kama nzi aliyenaswa, watu wakapiga kelele, nami (Mungu anisamehe) nikadhani anawaonyesha ufundi, nikapaza sauti nikiwa nimechuchumaa pale pale, "Waonyeshe, Muinde! Waonyeshe!" huku nikiendelea kuchezesha vijiti.

Nikasikia sauti yake. "Nani amewasha? Nani amewasha, jamani?"

Nilitokea nyuma ya pikapu rimoti ikiwa mikononi, tai imerukia begani, nikauliza, "Kwani nini?" Ndege ilikuwa imeshuka karibu na ardhi, ikawapitia ng'ombe juu ya migongo, nao wakakimbia moja kwa moja hadi kwa wageni. Viti viliruka. Ng'ombe mmoja mwekundu aliondoka na kitambaa cha meza kwenye pembe zake, soda zikamwagika, mzee mmoja wa kanisa akapanda kwenye pikapu kwa kasi ambayo sikuitegemea, na Mwalimu Syombua alikuwa amesimama juu ya kiti chake, mkono mmoja umeshika kofia. Ndege ikaingia kwenye mbaazi zake ng'ambo ya pili na kunyamaza. Wote wakageuka kuangalia mikono yangu.

"Kijana," Mwalimu akasema akiwa bado juu ya kiti, "si wewe ndiye ulitufundisha mambo ya pegi?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Na pegi yako iko wapi?"

Nikaonyesha kofia ya Muinde. Muinde hakunitukana, na hilo liliniuma kuliko matusi. Alivua kofia, akatoa pegi, akanibana sikioni pole pole, macho yake yakiwa na maji. Nikaona klabu imeisha, na ni mimi nimeimaliza. Nilitamani ardhi ya Kyumbi ipasuke.

"Sasa hao ng'ombe wangu watarudishwa na nani?" Mwalimu akauliza. "Yule kijana wa kuchunga alienda kushona nguo huko kwenu EPZ."

Nikakimbia. Sikungoja kuambiwa. Nilikimbia na viatu vyangu vya ofisini na pegi sikioni, nikiwazunguka wale ng'ombe na kuwabembeleza kwa Kiswahili, nao wananitazama tu. Mzee aliye kwenye pikapu akapiga kelele, "Ongea Kikamba! Hao hawajui Kiswahili!" Nikajaribu maneno matatu niliyoyajua, yote ya salamu. Ndipo nikasikia kicheko, na nilipogeuka nikamwona Mwalimu ameketi, anajifuta machozi kwa leso. Alinifundisha kutoka pale kitini, akiita neno la kuwarudisha, nami nikilirudia vibaya, mpaka yule mwekundu akachoka na mimi akaelekea zizini na kitambaa chake, wengine wakamfuata.

Niliporudi ninahema, Mwalimu alikuwa ameacha kucheka.

"Muinde mwanangu, nikueleze ukweli," akasema. "Mimi sitaki changarawe. Nilikuwa nataka kuuza ng'ombe kwa sababu Jumamosi niko na kwaya na hakuna mtu wa kuwaangalia, na ng'ombe wakienda, huu uwanja nitaufanyia nini ila kumpa huyo mchimbaji? Lakini huyu mtu wako anaweza kukimbia. Nipeni huyu kila Jumamosi, na nyinyi mrushe."

Muinde alinitazama. Wote walinitazama. "Nitachunga, Mwalimu," nikasema, "hata Pasaka."

Yule mtu wa changarawe alienda kuchimba kwingine, na ndege ya Muinde ilipona baada ya gundi nyingi. Mimi tangu hapo siwashi kitu cha mtu wala changu kabla ya kupiga kelele kuuliza, hata televisheni ya nyumbani, watoto wangu wameshazoea. Jumamosi ya kwanza ya kazi yangu mpya mke wangu alikuja na dada yake kutoka Bungoma, wamevaa vizuri, kumwona bwana rubani niliyejisifu kuwa miaka yote. Walinikuta na fimbo, gambuti hadi magotini, namgombeza ng'ombe kwa Kikamba kibovu.

"Baba Nekesa," mke wangu akaniuliza, "na ndege?"

Nikamwonyesha juu, ambako ya Muinde ilikuwa ikizunguka bila haraka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi, na hakuondoka mpaka jioni.