Vifaranga vya Kanga na Neno la Mwalimu Nduku

Mwanangu, ipo siku moja huko Mutomo ambayo huikumbuka kila ninapomwona kijana akisitasita. Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimepata nafasi katika chuo cha ualimu, nami sikutaka kwenda. Nilijiona mshamba, Kiingereza changu cha kuokoteza, na sikuwa nimewahi kulala mbali na kwetu. Niliazimia kuikataa ile nafasi, ningoje kwanza nikomae.

Nikaenda kumwambia Mwalimu Nduku, aliyenifundisha Kiingereza. Hakuwa mtu wa kubembeleza, mama yule. Nilimkuta nyumbani kwake akipepeta ndengu, akanisikiliza bila kuinua kichwa.

"Fledged ni nini?" akaniuliza, utadhani tuko darasani.

"Ni ndege ameota manyoya yote, Mwalimu."

"Yote? Nani alikuambia yote? Hilo neno ni la zamani sana, na wale walilianzisha walimaanisha tu ndege anaweza kuruka. Limetoka kwa kuruka, si kwa manyoya. Sasa niambie, Mwende, kwenu vifaranga vya kanga hukatwa mabawa lini?"

Kwetu tuliokota mayai ya kanga porini, tukamwekea kuku ayalalie. Vifaranga vikitoka, mama hakukawia na makasi. Kanga huota manyoya ya mabawa kabla ya mengine. Shingo bado ina vinyoya laini vya utoto, naye ameshapaa juu ya ua. Ukingoja apendeze, utamtafuta msituni.

"Mama hukata mapema," nikasema.

"Basi wewe usijikate mwenyewe. Enda na hayo uko nayo."

Niliudhika, hata sikuaga vizuri. Lakini nilienda. Wiki ya kwanza nililia, na kabla muhula haujaisha nilisimama mbele ya watoto, nikafundisha somo langu la kwanza. Furaha ya siku ile, mwanangu, sijui nikueleze vipi.

Kwa hiyo nafasi ikija, usikae kujiuliza kama umekamilika. Jiulize tu kama unaweza kuanza. Mengine utayapata hukohuko, kwa watu na kwa kukosea. Nenda hata kama unaogopa. Mungu akutangulie, akukutanishe na watu wema, na siku utakayorudi kutuonyesha ulivyokua, utukute wazima.