Msangu Alipoingia Kalenga

Kabla sijaanza kuwatembeza watu, mimi mwenyewe nilitembezwa. Shule niliyofundisha historia hapa Iringa ilikuwa na urafiki na shule moja ya Uingereza, na nilipokaribia kustaafu tulichaguliwa walimu wawili kwenda kuwatembelea. Jumamosi moja wenyeji wetu walitupandisha basi la matembezi pamoja na wazee wa huko, kila mmoja na chupa yake ya chai, tukazungushwa miji ya kale na vijiji vya mashambani kutwa nzima.

Aliyetuongoza alikuwa mama wa makamo, mfupi, aliyeinua mwavuli mwekundu juu ili tusimpoteze. Hakuwa na karatasi mkononi. Mjini alitusimamisha mbele ya mlango wa mbao uliochakaa, akatuambia hapo zamani alikaa mwoka mikate ambaye majirani walimsusa kwa kuchanganya unga na chokaa. Kijijini, kwenye nyumba za mawe zilizoezekwa nyasi, akatuonyesha mahali wanawake walipokuwa wakifulia mtoni. Nikautazama huo mto wao. Mbuzi wa kwetu Ipogolo angeuruka bila kulowa kwato. Lakini yule mama aliueleza robo saa nzima, na watu wazima wakasimama kwenye manyunyu wakimsikiliza.

Tulipokuwa tunarudi, mzee niliyekaa naye kiti kimoja akaniuliza kwetu kuna nini cha kuona. Nikamwambia kuna mbuga ya wanyama. Akauliza, "Na miji yenu je?" Nikajibu kwamba haina mambo mengi. Basi likaendelea na safari, na mimi nikabaki nayatafuna maneno yangu. Nilikuwa nimefundisha historia miaka thelathini.

Nilipostaafu nikanunua daftari na viatu vya kutembelea. Nikaanza kwenda kijiji cha Kalenga, nje ya mji, kwa bodaboda, mara mbili kwa wiki, kuwauliza wazee habari za ngome ya kale ya Wahehe, za vita na Wajerumani, za nani alilima wapi. Nilikaa na watu wa sokoni Iringa ambao babu zao walitoka pwani na bidhaa zao, wakanisimulia maduka ya kwanza yalikuwa wapi. Mwalimu mwenzangu aliposikia kwamba nataka kutembeza wageni, alicheka. "Nani apande gari aende kuitazama Kalenga? Watu wanakwenda Kalenga kufuata nyanya."

Kwa miezi mingi maneno yake yalikuwa ya kweli. Hakuja mtu. Halafu kwaya ya akina mama kutoka milimani Mbeya, wakulima wa viazi, wakaja kanisani kwetu kwenye mkutano wa siku tatu. Siku ya nne walikuwa huru. Mwenyekiti wao akaniambia, "Mwalimu, tumesikia wewe unaujua mji huu. Tuonyeshe, tusirudi tukasema tumeona kanisa tu."

Usiku ule nililala kidogo sana. Asubuhi tuliondoka na Kosta ya kukodi, wanawake ishirini na wawili na mimi. Tulianza Gangilonga, kwenye lile jiwe kubwa linalotazama mji wote. Nilieleza vizuri, najua nilieleza vizuri, lakini nilipogeuka nikaona nusu yao wanapigana picha na wengine wamekaa wanavua viatu. Kwenye mtaa wa soko ikawa hivyo hivyo. Niliongea, wao wakaulizana bei ya vitenge.

Tuliporudi kwenye gari, bibi mmoja mwenye fimbo, mkubwa kuliko wote, akasema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, "Mwalimu, huko Kalenga mimi siendi kizembe. Hawa wenzangu ni watu wa milimani. Mimi nimeolewa tu huko. Kwetu Usangu, bondeni. Nikishuka Kalenga si mtanikata kichwa?"

Gari zima likacheka. Wasangu walipigana sana zamani na sisi Wahehe, na siku hizi ni watani wetu.

"Bibi, ukitoka salama ujue ni huruma yetu," nikamjibu.

Kalenga tuliingia makumbusho kwanza, kisha nikawapeleka kwenye mabaki ya ukuta wa ngome. Nikafungua daftari, nikaanza kusoma jinsi Wahehe walivyowatimua Wasangu, wakakimbia na kuacha kila kitu.

"Hapo umedanganya," bibi akasema.

Darasani ningemjibu mara moja, maana nilikuwa nimeyasoma na kuyauliza hayo mambo. Lakini niliona kitu ambacho sikukiona asubuhi nzima: wanawake wote walikuwa wamegeuka, simu zimeshushwa, wanasubiri. Nikafunga daftari.

"Bibi, wewe uliambiwaje?"

Akaegemea fimbo. "Bibi yangu alisema hatukukimbia. Tuliondoka. Mtu anayekimbia hachukui kinu. Sisi wanawake tulijitwika vinu, ili tukifika tutwange, watoto wale."

Nyuma yetu mama mmoja wa Kalenga alikuwa anaanika maharage uani kwake. Akaja na ungo mkononi. "Nani huyo anasema Wasangu hawakukimbia? Vinu mliacha. Bibi yangu alitwangia kinu cha Msangu mpaka kikatoboka."

"Hicho mliiba."

"Tuliokota njiani. Kilikuwa kinalia, kinamtafuta mwenyewe."

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Watu wakaanza kutoka kwenye nyumba za jirani kuja kuona kuna nini. Wale wawili wakaendelea, huyu akileta wimbo wa kuwasema Wahehe, yule akijibu. Kazi yangu ikawa kuuliza tu. Ngome ilikuwa na mlango upande gani? Wanawake walilala wapi vita vilipofika? Mama wa Kalenga akaacha utani, akatuonyesha kilima ambako Wajerumani waliweka mizinga, na njia ya kushukia mtoni ambako bibi yake, akiwa mtoto, alifichwa kwenye matete siku mbili. Bibi wa Usangu akatikisa kichwa. "Na wetu walifichwa kwenye matete," akasema. "Matete ya kwetu yana mamba." Hapo hakuna aliyecheka.

Mwenyekiti wa kwaya akaanzisha wimbo, taratibu, na wenzake wakaupokea pale pale ukutani. Sauti nne zilipokutana, hata fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara alisimama. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao na daftari limefungwa, machozi yananitoka, na nilijua kabisa kwamba nimeiweza kazi hii.

Tulikula ugali na maharage uani kwa mama yule, kwa sababu alikataa tule kwingine. Ratiba yangu ilikuwa imeharibika yote na sikujali. Wakati wa kuondoka bibi akakataa kupanda gari. Akakaa kwenye jiwe, akasema haondoki bila fidia ya kinu.

Mama wa Kalenga akaingia kwenye banda lake la kuku, akarudi na jogoo mwekundu. "Chukua. Na msirudi na mikuki."

"Tutarudi na wakwe," bibi akasema, akampokea yule jogoo kwa mikono miwili.

Njia nzima kurudi mjini waliimba. Hata kabla hatujafika, mwenyekiti alikuwa ameshapiga simu Mbeya na kuwaambia kwaya ya usharika wa pili wajiandae, mwezi wa saba ni zamu yao. Jioni Kosta ilinishusha Ipogolo, na yule mwalimu mwenzangu aliyenicheka alikuwa dukani ananunua sukari. Akaona wanawake wamejaa madirishani wananipungia mikono na bibi mmoja amenyanyua jogoo.

"Hao ni nani?" akauliza.

Nikamwambia, "Wageni wangu. Tumetoka kuitazama Kalenga."