Walitoa jina la mama mu wimbo, sauti yangu wakaiacha

Admin, ficha jina langu na ya kila mutu, juu Yaya wangu anafuata ukurasa huu na tunaishi nyumba moja.

Niko binti wa miaka kumi na saba, wa hapa Uvira. Masomoni tunasoma Kifaransa, nyumbani tunaongea Kiswahili, na mbele ya watu nashindwa zote mbili. Mwalimu akiniita nisimame, nachanganya maneno, wenzangu wanacheka. Kitu kinachonifungua kinywa ni kuimba tu. Naimba na kaka yangu mkubwa, huyo Yaya, anapiga gitaa na anajulikana kidogo hapa kwetu. Yeye anaita, minye naitika. Ni hivyo tangu niko mudogo.

Mama alikufa mwaka jana. Kwetu mwanamke akisha kuzaa, jina lake linapotea. Sokoni, kanisani, hata kwa papa, mume wake, mama alikuwa Mama Fulani, kwa jina la Yaya. Lile jina lake mwenyewe, la Kifuliiru, alilopewa kwao Lubarika, lilibaki mu kinywa cha bibi aliyemzaa peke yake. Ndiyo maana tulipomtungia wimbo niliomba kitu kimoja tu, tuimbe jina hilo. Yaya alikubali. Studio, yeye aliita jina la mama mara nne, na kila mara minye niliitika, "Mama yangu, niko hapa." Nilirekodi nikilia. Yule wa studio akasema tuache vile vile.

Wiki tatu zilizopita Yaya akatangaza tunaenda kutembea Bujumbura siku mbili. Yeye, minye, Tantine ambaye ni mdogo wa mama, na rafiki mmoja wa Yaya, mfanyabiashara wa Kamanyola, pamoja na madamu wake. Nitamwita Patron. Ndiye aliyegharamia safari. Nilifurahi sana. Mji huo tunauona kila siku ng'ambo ya maji na sikuwa nimefika kule hata mara moja.

Siku ya kwanza ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Tulienda kuona mamba, Tantine akakataa kukaribia, akasema wale wa mto Ruzizi wanamutosha. Tulikula samaki wa mukeke, tukapiga picha mpaka telefone ikazima. Kisha nikatazama ziwa. Kumbe milima ile ng'ambo ni ya kwetu, na Uvira imekaa chini yake kidogo sana, kama kitu mutu alisahau. Mama amezikwa kule.

Siku ya pili, tukiwa ufukweni, Patron akaweka bafle ya muziki mezani, akamwambia madamu wake asikilize zawadi. Nikasikia gitaa ya Yaya. Ulikuwa wimbo wetu. Sauti ya Yaya ikaita, "Beatrisi." Na sauti yangu, ile ya kulia, ikaitika, "Mama yangu, niko hapa."

Mara nne.

Ninyi ambao si wa Kongo, mjue kwamba wanamuziki wetu wanatupa libanga, ndiyo kusema wanataja jina la mutu mu wimbo ili awasaidie. Siyo hiyo inaniuma. Yaya ameshataja wauza simenti, wenye magari, hata kinyozi wake. Lakini libanga linatupwa pembeni, pale gitaa inacheza peke yake. Halikalishwi mu kiti cha marehemu.

Madamu, Beatrisi mwenyewe, alilia kwa furaha. Akanikumbatia, akasema, "Asante mutoto wangu. Tangu nizaliwe hakuna mutu aliyeniimba." Hakujua kitu, nilimwona machoni. Ningependa kumuchukia, nashindwa, na hiyo inaniongezea hasira.

Nilimvuta Yaya karibu na maji nikamuuliza jina la mama liko wapi. Alijibu bila hata haya, "Marehemu halipi studio. Na Beatrisi inaingia vizuri mu melodi. Kwani mama atasikia wapi?"

Nikamwambia, "Minye nimesikia."

Akacheka. "Kumbe weye unajuaga kuongea."

Nikakimbilia kwa Tantine, nikidhani yeye atawaka, ni dada yake aliyefutwa. Tantine akarekebisha kitenge chake kipya na kuniambia nisiwapatishe haya mu inchi ya watu, wimbo mwingine tutatunga. Alijua. Alijua kabla hatujavuka mpaka. Nilikuwa naletwa kutembezwa kama mutoto anayepewa bombo ya sukari kabla ya sindano. Mu picha za siku ile wote tunacheka, na Yaya ameziposti ameandika "familia".

Sasa Jumamosi hii tunamaliza kilio cha mama. Bibi anashuka kutoka Lubarika. Aliniambia kwa telefone kwamba anakuja kusikia jina la mutoto wake likiimbwa, amewaambia hata wenzake wa kanisa. Patron na madamu wamewekewa viti vya mbele. Yaya anataka tuimbe pale pale, yeye aite Beatrisi, minye niitike. Nilipokataa alisema, "Ukituharibia siku ile, usiniite tena yaya." Na papa, anatazama chini tu, anasema tuelewane.

Nikinyamaza, bibi atasikia binti yake amekuwa Beatrisi. Nikiliita jina la mama kwa nguvu, yule madamu ambaye hana kosa ataaibishwa mbele ya watu wote, na kaka ninaye mmoja. Nikimwambia bibi mapema, hatakuja, atamaliza kilio cha mutoto wake akiwa peke yake kule.

Msinifundishe kusamehe, hiyo naisikia kila Jumapili. Nina hasira na sitaki kuificha. Hata hapa jina la mama siwezi kuliandika, juu nitajulikana. Muone vile limekosa pa kukaa.

Ninyi wakubwa wangu, mniambie kitu kimoja. Jumamosi Yaya akiita Beatrisi, bibi ananitazama, na zamu yangu imefika, niitike nini?