Magongo ya Kuazima

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka wajukuu wananiuliza kama niko sawa. Siku hiyo niliambiwa ukweli nikiwa nimeinama juu ya meza ya majani chai, vidole vimegeuka kijani, na aliyeniambia ni mzee ambaye hakuwahi kusoma sheria hata ukurasa mmoja. Keti hapa nikuhadithie. Na usiniharakishe, mbio zangu nilizimaliza zamani, sasa ninatembea.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa wakili kijana, msichana wa Nkubu, na ofisi yangu ilikuwa Embu mjini, juu ya duka la mbegu na majembe. Alfajiri nilikuwa mtu wa mbio. Si hizi mbio fupi za kumaliza kabla uji haujapoa. Mimi nilikimbia zile za saa tatu, saa nne, za kupanda milima yetu hii na kuiteremka mpaka unasahau umeanzia wapi. Mchana nilivaa koti jeusi nikawatetea wanariadha walioumia: aliyegongwa na gari akifanya mazoezi, aliyevunjika kwa sababu uwanja ulikuwa na mashimo, aliyelazimishwa kushindana akiwa mgonjwa. Watu wakaniita Wakili wa Miguu. Jina hilo nililipenda, sikufichi. Kichwa kilivimba kweli kweli.

Basi siku moja akapanda ngazi zangu msichana anaitwa Wanjira, ametangulia yeye na magongo yake, na nyuma yake baba yake, Mzee Njeru, mkulima wa majani chai kule juu ya Runyenjes. Wanjira alikuwa mkimbiaji. Wee! Kumsikia tu akitaja muda wake wa mbio nilihisi wivu. Lakini asubuhi moja, akiwa mazoezini, lori la mbao lilimgonga, mguu ukavunjika chini ya goti. Hospitali wakamtia chuma, wakamshona, wakamwambia ukweli: akitaka kukimbia mbio ndefu tena, lazima apasuliwe mara ya pili. Asipopasuliwa, atatembea, atachuna chai, ataolewa, lakini mashindano asahau.

Mwenye lori alikataa kugharamia. Dereva wake alisema msichana alikuwa anakimbia katikati ya barabara. Wanjira alisema alikuwa pembeni kabisa, kwenye nyasi, na lori ndilo lililomfuata. Mtu mwingine aliyeona hakuwapo. Kwa hiyo kesi nzima ilikuwa ni neno la dereva na neno la Wanjira, na hakimu ataamua amwamini nani. Shika hapo, mwanangu, kwa sababu hapo ndipo nilipotaka kuharibu.

Kesi ilichukua miezi mingi kufika mbele ya hakimu. Katika miezi hiyo Wanjira hakukaa bure. Aliyaacha magongo, yakarudishwa hospitali. Akaanza kutembea, kisha akaanza kukimbia kidogo, polepole, mpaka kwenye daraja lililo chini ya kwao na kurudi. Akivuka daraja tu, mguu unafura. Mimi niliposikia hivyo, badala ya kufurahi kama mtu mwenye akili, nilishtuka. Ripoti ya daktari niliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani, ya wakati wa magongo. Nikajiambia, hakimu akimwona msichana huyu anaingia wima na mashavu yake yanang'aa, atasema amepona, aende nyumbani.

Na wakati huo huo nilikuwa na siri yangu. Goti langu la kushoto lilikuwa limeharibika. Mbio kubwa za Meru zilikuwa zinakaribia na nilikuwa nimeapa kuzikimbia. Kwa hiyo nilifunga bendeji chini ya sketi ndefu, nikajitia hamnazo. Fomu ya mbio iliuliza kama mshiriki ana maumivu yoyote. Nikaandika, kwa mwandiko mzuri kabisa wa kiwakili: hakuna. Mimi, niliyekuwa nawagombeza wateja wangu kila siku kwa kuwaficha makocha maumivu yao! Ukicheka, cheka tu.

Wiki mbili kabla ya kesi nikaenda kwa kina Wanjira kumtayarisha kutoa ushahidi. Nikawakuta kwenye kituo cha majani, maana ilikuwa siku ya kuchuna. Kama hujawahi kufika kwenye kituo cha majani chai, nikueleze. Kila mkulima analeta kikapu chake, halafu anakimwaga chote juu ya meza, mbele ya watu. Karani anapita, anatawanya majani kwa mkono, anaangalia. Akikuta yale makubwa magumu yamefichwa chini, anakurudishia mzigo wote, na jirani zako wote wamesimama hapo wanakutazama. Ndiyo maana watu huyachambua wenyewe mezani kabla karani hajafika.

Nilikunja mikono ya blauzi nikasaidia kuchambua. Tukiwa tumeinama hivyo, Wanjira upande huu, mimi upande huu, Mzee Njeru mbele yetu, nikamwambia Wanjira kwa sauti ya chini:

“Siku ya kesi uje na magongo.”

“Lakini madam, magongo tulirudisha.”

“Azima. Na usikimbie tena mpaka tumalize. Mtu asikuone barabarani.”

Wanjira akatazama majani. Mzee Njeru naye aliendelea kuchambua. Nilidhani hakusikia. Kumbe! Alitoa jani moja gumu, akalitupa chini, akaniita mwari, ndivyo tunavyomwita binti huku kwetu.

“Mwari, hebu tembea kidogo.”

“Nitembee wapi, mzee?”

“Mpaka pale kwa mizani, urudi.”

Nikaenda nikarudi, nimejikaza, nimeuma meno, natabasamu. Watu wakaanza kugeuka.

“Wewe unachechemea na unajifanya huchechemei,” akasema, wala hakupunguza sauti. “Msichana yangu hachechemei na unataka ajifanye anachechemea. Sasa kati yenu wawili, mgonjwa ni nani?”

Lo! Meza nzima iliangua kicheko. Kuna mama mmoja alicheka mpaka akaketi juu ya kikapu chake. Nilitamani ardhi inimeze na majani yangu. Lakini mzee hakucheka. Alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

“Mimi naleta majani hapa tangu huyu akiwa mgongoni kwa mama yake. Hawajawahi kunirudishia kikapu. Unajua ni kwa nini? Si ati shamba yangu haina ile mbaya. Iko. Lakini ile mbaya natoa mimi mwenyewe, mbele ya watu, kabla karani hajatoa. Akifika hana kitu ya kutafuta.”

Kisha akarudi kwenye majani yake.

Nilikasirika, mwanangu. Nisikudanganye eti niliinamisha kichwa nikashukuru. Nilirudi Embu nimefura, najiambia mzee apime majani aniachie sheria. Kesho yake alfajiri nikatoka kukimbia kwa hasira, kama kawaida ya vijana, kana kwamba mlima ndio ulionitukana. Sikufika hata nusu. Goti lilikataa katikati ya mteremko, nikakaa kwenye nyasi za kando ya barabara, mguu umenyooka mbele kama wa mwanasesere. Nikakumbuka kwamba Wanjira alikaa kwenye nyasi kama hizo akisubiri mtu apite. Alikuwa amevunjika, lakini hakudanganya mtu. Mimi ndiye niliyetaka kumfundisha uongo. Nililia hapo peke yangu, kisha nikaona aibu ya kulia, kisha nikaanza kucheka. Mzee alikuwa amenisema kweli kabisa.

Siku hiyo nilifanya mambo mawili. Niliwaandikia wenye mbio za Meru kwamba nina goti bovu, nililificha, na sitakimbia. Halafu mimi mwenyewe nikampeleka Wanjira kwa daktari, nikiwa nimebeba ile ripoti ya zamani. Nikamwambia daktari aandike ripoti mpya, na aandike yote: kwamba anatembea, kwamba anakimbia mpaka darajani, na kwamba akipita hapo mguu unafura na bado anahitaji kupasuliwa. Alipomaliza kuandika alinitazama kwa juu ya miwani akaniuliza, “Na hilo goti lako, nalo tuliandike?” Lilikuwa linaonekana na kila mtu, kumbe.

Siku ya kesi ikafika. Roho yangu ilikuwa mkononi. Wanjira aliingia wima, amevaa viatu vya raba chini ya gauni la kanisani, bila gongo, bila fimbo. Nikaona wakili wa upande wa pili akimtazama, akatabasamu, akagusa bahasha kubwa iliyokuwa mbele yake. Nikajua ndani mna kitu.

Nikasimama. Mawakili wengi huanza na ajali. Mimi nilianza na ile mbaya.

“Wanjira, siku hizi unakimbia?”

“Ndiyo,” akasema, wazi kabisa. “Kila asubuhi. Mpaka kwa daraja na kurudi.”

Mwanangu, ungemwona wakili yule! Tabasamu lilimwishia usoni. Ndani ya ile bahasha, tulikuja kujua, mlikuwa na picha. Walikuwa wamemtuma mtu ajifiche kwenye majani chai ampige picha Wanjira akikimbia, na mtu huyo alikuwa ameketi nje kwenye benchi, amevaa tai, anasubiri kuitwa aje amwaibishe. Angekuja kusema nini sasa? Wanjira ameshasema mwenyewe. Bahasha ilibaki imefungwa na mwenye tai akarudi kwao bila kuitwa.

 Tulipojua hayo, akilini nilimwona Wanjira wa magongo ya kuazima amesimama pale pale, picha zinapitishwa mkono kwa mkono, na hakimu anamtazama kama mwongo. Nani angemwamini tena kuhusu lori? Mguu wake ungepotea, na jina lake lingepotea, na aliyevipoteza ningekuwa mimi.

Wakili yule hakukubali kushindwa mapema. Aliinuka akamwuliza kwa dharau, “Kama unakimbia kila asubuhi, unataka kupasuliwa ya nini?”

Sikumfundisha jibu hilo. Nataka ulijue hilo. Alilitoa mwenyewe.

“Ninakimbia mpaka kwa daraja,” akasema. “Kabla ya lori, nilikuwa nakimbia mpaka Embu.”

 Huko nyuma mtu akapiga kofi mara moja, na hakimu akamtazama akaacha. Nilijua ni nani bila kugeuka.

Hukumu ilisomwa baadaye, na Wanjira alishinda. Hakimu alisema shahidi huyu alikuwa tayari kusema hata yale yasiyomfaidi, kwa hiyo anamwamini kwamba alikuwa kwenye nyasi na lori lilimfuata huko. Mwenye lori akaagizwa agharamie upasuaji na matibabu yote. Tulitoka nje, akina mama wa Runyenjes wakapiga vigelegele mpaka askari wa geti akavua kofia. Wanjira alinikumbatia, tukalia wote wawili kama watoto. Mzee Njeru alinishika mkono, akauliza jambo moja tu: “Goti linaendeleaje?” Nikamwambia linapona. Akasema, “Sasa hiyo ni wakili.” Nimepewa vyeti vingi tangu siku ile, na hakuna hata kimoja nilichokiheshimu kama maneno hayo.

Hatukuishia hapo. Wanjira alipasuliwa, akapona, na baada ya mwaka na zaidi tulisimama kwenye mstari mmoja, mbio zile zile za Meru. Goti langu lilikuwa zima, na fomu yangu ilikuwa ya kweli. Nilikimbia vizuri, tena vizuri sana. Nilipokaribia Nkubu, watu wa kwetu wakinishangilia kwa jina, nikasikia hatua nyuma yangu, nyepesi, za haraka. Alinipita bila huruma! Alipokuwa sambamba nami aligeuza uso, akacheka.

“Madam, nikuazimie magongo?”

Akaenda zake. Nilipiga kelele za furaha nikakosa pumzi, nikatembea hatua ishirini nzima katikati ya mbio, sijali. Alimaliza wa kwanza. Mimi nilimaliza wa tisa, na hakuna siku niliyowahi kujiona mshindi kama siku ile.

Basi hili ndilo ninalokuachia, mwanangu. Ukiwa na udhaifu, usiufunge bendeji chini ya nguo ukawaambia watu uko mzima. Na ukiwa na nguvu, usiazime udhaifu ili uhurumiwe. Kabla mtu hajaja kukagua maisha yako, yamwage wewe mwenyewe mezani, na lile baya ulitoe kwa mkono wako mwenyewe, mbele ya watu, hata kama watacheka. Watacheka kidogo tu. Mimi walinicheka asubuhi moja, na yaliyobaki yote yamekuwa vigelegele.

Mungu akupe miguu ya kufika mbali kuliko mimi. Akupe ulimi usioogopa kusema “naumwa”, na usioona haya kusema “nimepona”. Na siku utakapopotoka, maana utapotoka, akuletee Mzee Njeru wako mapema, kabla ya siku ya kesi. Nenda, mwanangu, na unipite.