Fulana za Papa

Filamu yenyewe ni ya kale kuliko mimi. Papa anakula watu wanaoogelea baharini, basi, ndiyo hadithi. Lakini vitu vyake haviishi. Nauza mitumba hapa Sindo, ufuoni mwa ziwa, miaka mingi sasa, na ni nadra nifungue robota nisimkute huyo papa na meno yake: kwenye fulana, kwenye taulo, hata kwenye soksi za watoto. Siku moja nilikuta kikombe kimefungwa ndani ya jaketi, papa kachorwa chini kabisa, ukimaliza chai anakutazama. Nani huko ng'ambo anahitaji haya yote? Wakichoka nayo wanatuletea sisi.

Mdogo wangu wa kiume, mvuvi wa mbuta, aliipenda filamu hiyo kupita kiasi. Aliiona kwenye kibanda cha video tangu yuko shule, na akiisimulia utadhani alikuwemo. Nilikuwa namwuliza, "Kwani ziwa letu lina papa?" Ananijibu, "Dada, wewe uza nguo tu."

Basi nikafungua robota moja, nikakuta fulana kumi na mbili za papa, zote mchoro mmoja, saizi mbalimbali, mpya, lebo bado ziko shingoni. Ndogo kuliko zote nikampa yeye, maana alikuwa mwembamba ajabu. Nyingine zilichukuliwa upesi na wavuvi, wa hapa na wa Muhuru Bay waliokuja kununua nyavu. Ufuo mzima ukajaa papa. Nilicheka sana siku hizo, nakubali.

Halafu boti la mdogo wangu likapinduliwa na upepo, mchana kweupe, watu wakiona. Wenzake watatu waliokolewa. Yeye hapana. Wiki hiyo hiyo boti jingine lilizama upande wa Muhuru.

Kwetu mtu haachwi majini. Asipopatikana, linachumwa tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia kwenye mti wake, linazikwa badala yake nyumbani, na matanga yanaendelea. Siku ya tano wazee walimweleza mama hivyo, kwa upole. Mama akasema, "Mimi sikuzaa tunda." Tangu boti lipinduke alikuwa hajatia kitu mdomoni. Uji tuliompa ulipoa mkononi mwake. Niliona wazi kwamba tutazika wawili.

Siku ya tisa tukapigiwa simu: maiti imeonekana karibu na Muhuru, imepelekwa mochari Migori. Tukaenda, mimi na mama. Uso haukuwa uso tena. Lakini fulana ilikuwepo, na papa wake.

Mama akaishika kwa vidole viwili. "Nyathina," akasema, mwanangu. "Ni yeye. Nipeni maji ya kunywa."

Mhudumu akanigeukia. "Na wewe dada, unamtambua?"

Mkono wangu ulishafika shingoni mwa fulana. Ni kazi yangu, nguo yoyote mimi huigeuza kola kwanza. Lebo ilisema XL. Humo wangeingia watu wawili kama mdogo wangu. Nyuma yangu nilimsikia mama akinywa yale maji, kwa pupa, mpaka yakamwagikia kifuani.

"Ni yeye," nikasema. Nikatia sahihi.

Tukamzika nyumbani. Mama alilia vizuri, akala, akalala. Watu walinisifu kwamba nimejikaza, lakini sikuwa nimejikaza. Hakukuwa na kitu cha kukaza. Nilipika, nikaosha masufuria, Sabato nikaenda kanisani nikaimba beti zote. Nilijiambia labda walibadilishana fulana na mwenzake. Bado najiambia. Kisha nayatazama maji na najua kwamba mdogo wangu yumo humo, na mimi ndiye niliyemwacha, na hata hilo nalijua tu, silisikii popote mwilini.

Baada ya mwezi hivi mwanamke mmoja akaja kibandani. Alitoka Muhuru, mnyamavu, kanga ya kichwani imelegea. Alitaka fulana ya papa. Mumewe alinunua kwangu, akasema, na boti lao lilipozama hakupatikana. Familia imekubali yago, nalo angetaka kulivisha kitu kama kile alichokuwa amevaa mtu wake.

Nilitafuta. Kulikuwa na moja ya robota jingine, yenye doa la chai. Nikaikunja, nikamfungia kwenye gazeti, nikakataa asilipe.

"Pole sana, mama," nikamwambia.

Hakuondoka. Aliketi juu ya robota, akalishikilia lile gazeti mapajani.

"Nimesikia na wewe ulifiwa na ndugu," akasema. "Lakini nyinyi Mungu aliwaonea huruma. Angalau mama yako ana kaburi lenye mtu."

"Ndiyo," nikasema. "Lina mtu."